Hedhi imekata, naambiwa leptini iko chini. Nianzie wapi kutafuta mimba?

Tumaini_Langu:
Wakuu na dada zangu, naombeni ushauri, msinipite.

Nina miaka 31, nimeolewa na tunatafuta mtoto. Hedhi yangu ilikuwa inakuja bila shida. Nikaanza kukimbia karibu kila siku na kubana chakula, kilo zikashuka, kila mtu ananisifia. Hedhi ikaanza kuruka, mwisho ikakata kabisa. Nikipima mimba, hamna. Ultrasaundi ikaonyesha vifuko vingi vidogo kwenye ovari, nikaambiwa huenda ni PCOS (ile hali ya homoni kuvurugika na ovari kujaa vifuko), nipunguze uzito. Nipunguze upi tena jamani, nguo zote zinanipwaya?

Mahali pengine nikapimwa homoni, wakasema leptini iko chini sana. Sasa kuna mtu anauza vidonge vya leptini, anasema vinarudisha mayai. Mume wangu yuko tayari kutoa hela. Ninunue? Na hiyo leptini inahusiana vipi na kizazi?

Mkunga Mstaafu:
Mwanangu, hela hiyo ibaki mfukoni. Leptini ni protini. Ukiimeza, tumbo linaimeng'enya kama protini nyingine yoyote ya chakula, haifiki kwenye damu ikiwa leptini. Dawa halisi ipo, inaitwa metreleptini, na ni ya sindano. Marekani iliidhinishwa mwaka 2014 kwa watu wenye ugonjwa wa mwili kukosa mafuta, si kwa ajili ya kutafuta mimba. Anayekuuzia kidonge anakuuzia jina tu.

Nije kwenye swali lako. Leptini hutengenezwa na mafuta ya mwili, na kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ya nguvu ipo. Ujumbe unafika hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia homoni, ambako kuna seli zinazotoa kemikali ya kupeleka ujumbe iitwayo kispeptini. Hizo ndizo zinazochochea homoni ya GnRH itoke kwa mapigo, nayo inaiamsha tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe LH na FSH, homoni zinazoamrisha ovari, ndipo yai linapevuka. Leptini ikishuka, mapigo yanapungua na ovari zinatulia. Hazijaharibika, zimekosa amri tu. Tena leptini hushuka haraka mtu akibana chakula, hata kabla mafuta hayajapungua sana. Ndiyo maana mtu ambaye si mwembamba kupindukia anaweza kukatikiwa na hedhi kwa sababu anatumia nguvu nyingi kuliko anazokula.

Homoni hii iligunduliwa mwaka 1994 na maabara ya Jeffrey Friedman, kupitia panya wanene kupita kiasi ambao pia walikuwa tasa. Walikosa leptini, kwa hiyo ubongo wao uliamini wanakufa njaa wakati miili imejaa mafuta. Majike walipodungwa leptini baadaye, uzazi ukarudi. Huwa nawaeleza wanawake habari hii kwa sababu wengi wanajilaumu, wakati mwili wao unajilinda.

Binti Saida:
Tumaini, kama vile unanisimulia habari zangu. Hata mimi nilibandikwa PCOS kwa picha ya ultrasaundi peke yake. Daktari wa homoni alipoangalia vipimo vyote akasema hapana: LH ilikuwa chini na estrojeni chini, testosteroni kawaida, wala sikuwa na ndevu au chunusi. Akanieleza kuwa ovari zenye vifuko vingi zinaonekana hata kwa wanawake ambao hedhi imekatwa na njaa na mazoezi. Ukipewa ushauri wa PCOS ukapunguza kilo zaidi, unazidi kujifungia mlango.

Dawa yangu ilikuwa chakula. Nikaongeza wanga na mafuta, nikaacha kukimbia, nikatembea tu. Kisaikolojia ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, kilo zikirudi unalia. Ilichukua miezi, si wiki. Na jihadhari: yai hutoka kabla ya hedhi, kwa hiyo unaweza kushika mimba hata hedhi haijarudi. Anza folik asidi mapema.

Kaka Mpole:
Poleni sana. Naongeza moja: mume kapimwa? Kipimo cha mbegu ni rahisi na hakiumi. Mke anazungushwa hospitali huku upande wa mwanaume haujaguswa, si haki.

Zuhura_K:
Samahani kuingilia uzi. Mimi ni mnene na nina PCOS iliyothibitishwa. Kama leptini inatoka kwenye mafuta, si ninayo ya kutosha? Mbona mayai hayapevuki?

Mkunga Mstaafu:
Zuhura, unayo tele, ila kwa watu wanene mara nyingi ubongo huacha kuisikiliza. Inaitwa ukinzani wa leptini. Hata hivyo kwenye PCOS mimi ningeitazama kwanza insulini: ikiwa juu inasukuma ovari kutoa androjeni (homoni za kiume) nyingi, na androjeni zinazuia yai kukomaa. Kwako, kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kurudisha upevushaji, na letrozoli ndiyo dawa inayoanziwa siku hizi. Ushauri huu usiuchukue Tumaini, hali zenu ni tofauti kabisa.

Tumaini_Langu:
Asanteni mno, nimesoma kila neno. Mume kakubali kupima. Bibi Mkunga, nikienda kwa daktari niombe vipimo gani? Nirudie leptini? Na kwa nini nisipewe hiyo sindano?

Mkunga Mstaafu:
Leptini usirudie, jibu lake halibadilishi matibabu. Omba FSH, LH, estrojeni, prolaktini (homoni ya maziwa), TSH ya tezi ya shingo na testosteroni. Prolaktini isirukwe, ikipanda nayo hukata hedhi. Mwambie waziwazi unavyokula na unavyokimbia, maana bila hayo atakosea. Uliza pia habari ya mifupa, estrojeni ikikaa chini muda mrefu mifupa hupungua nguvu.

Sindano ilijaribiwa. Utafiti uliotoka mwaka 2004 uliwapa wanawake 8 wenye hali kama yako, kwa muda wa hadi miezi 3, na watatu walipevusha yai. Lakini hamu ya kula ilipungua na kilo zikashuka, jambo ambalo wewe hulihitaji hata kidogo. Ukila vya kutosha na hedhi isirudi, zipo njia nyingine: pampu ya GnRH au sindano za homoni za kukuza yai, chini ya daktari bingwa. Klomifeni, vidonge vya kuchochea yai, peke yake mara nyingi haifanyi kazi kama estrojeni iko chini, kwa hiyo ukiandikiwa kabla ya vipimo, uliza sababu.