MJADALA: AI inayotuandikia msimbo, jioni nani afunge kazi, yenyewe au mtu?

Mleta mada

Wakuu wa Rock City, heshima kwenu. Kwa sisi tunaotengeneza mifumo hapa Mwanza, Claude Code, Cursor na wenzao wameshakuwa wafanyakazi wenzetu. Kuwaanzisha kila mtu anajua. Ubishi uko jioni. Kuna wanaomwachia msaidizi apange mabadiliko, akomiti (ayahifadhi kwenye historia ya Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo) na asukume (ayapeleke kwenye hazina ya pamoja) mwenyewe hadi tawi kuu, yaani nakala rasmi ya mradi. Mimi nasema aishie kwenye kuandika makabidhiano; kusukuma ni kwa mtu.

Msaidizi huyu haamki na kumbukumbu za jana. Ukifungua kipindi kipya, anachokuta ni faili zilizopo. Ndiyo maana Claude Code huanza kwa kusoma CLAUDE.md, faili la maelekezo ya mradi, na zana nyingine husoma AGENTS.md. Hata kabla hujafunga, mazungumzo yakirefuka sana hufupishwa ili yatoshe, na humo inaweza kupotea sababu iliyowafanya muiache njia fulani. Kesho anairudia ileile kwa moyo mkunjufu, na tokeni (vipande vya maneno ambavyo AI hutozia) unalipa wewe.

Kwa hiyo namtaka aandike kama nesi anayekabidhi zamu: kilichofanyika na kimepimwaje, kilichogoma, na cha kuanza nacho. Kwenye "kimepimwaje" ndipo penye vita. Anaweza kukwambia imekamilika wakati majaribio hayajaendeshwa, au yamepita kwa sababu amelegeza jaribio lenyewe. Kulipua kazi si tabia ya binadamu peke yake, naona. Ndiyo maana git status na git diff, amri za kuonyesha kilichobadilika, napiga kwa mkono wangu, tena naangalia kama kuna seva aliyoiwasha kwa ajili ya kujaribia akaiacha inaunguruma.

Buzuruga Kwetu

Mkuu, nakupinga. Umeme ukikatika saa moja jioni na laptopu haina chaji, hayo makabidhiano yako yatakuwa wapi? Acha akomiti kila hatua ndogo na asukume kwenye tawi lake, yaani mkondo wa pembeni wa kazi, si tawi kuu. Tawi la Git ni jepesi, halikuli chochote. Asubuhi ukikuta amepuyanga, unalifuta, maisha yanaendelea. Na hilo la kumbukumbu umetia chumvi: amri ya claude --continue inakurudishia mazungumzo ya mwisho.

Mleta mada

Kwenye tawi lake umenibana, nakubali nusu. Lakini --continue inarudisha kwenye mashine ileile. Mwenzangu aliyeko Igoma na laptopu yake hapati kitu. Tena inarudisha pamoja na mawazo potofu aliyokuwa ameyang'ang'ania.

Nusu ninayoikataa ni ya siri. Amri ya git add -A hukusanya kila kitu ambacho .gitignore, orodha ya faili za kuachwa nje, haikukizuia. Faili la .env lenye ufunguo wa malipo likishasukumwa, kulifuta kwenye komiti inayofuata hakusaidii, limebaki kwenye historia. Itabidi ubadilishe ufunguo wenyewe. Akomiti, sawa. Kusukuma, nisome kwanza.

Kirumba Boy

Buzuruga yuko sahihi. Mengine mbwembwe.

Mama wa Mwaloni

Wanangu, mimi hayo matawi siyajui. Nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, na ni mteja wenu. Kijana aliyenitengenezea mfumo wa kurekodi magunia alihama mji. Aliyekuja kuendeleza hakukuta hata ukurasa mmoja wa maelezo. Akawa ananiuliza mimi kwa nini bei inabadilika kwa gunia na si kwa kilo! Sasa nyie mnabishana nani abonyeze, mimi nauliza maelezo ni ya nani. Nimelipia mfumo, na makabidhiano ni yangu pia.

Jambo la pili: kazi kubwa zimalizieni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa zao hazivuti samaki, na mimi natulia. Mtu anaacha mfumo nusu nusu usiku wa giza, asubuhi mitumbwi imetia nanga na mzigo uko chini, nikaandike wapi?

Buzuruga Kwetu

Shikamoo mama. Hilo la mbalamwezi hakuna AI ingelijua bila kuambiwa. Linafaa liandikwe kwenye CLAUDE.md ya mradi wako, mstari wa kwanza.

Mama wa Mwaloni

Marahaba. Na namba za wateja wangu wa Kongo je? Zinabaki kwenye hiyo mashine?

Mleta mada

Swali zuri, mama. Fundi akiyabandika majina na namba halisi kwenye mazungumzo ili kutafuta kosa, kufunga dirisha hakuyafuti. Kumbukumbu ya mazungumzo hubaki kwenye laptopu yake kwa muda, na maneno yameshatumwa kwa kampuni ya AI. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023, hivyo fundi ajaribu kwa majina ya kubuni.

Ila mama, kuandika na kukagua makabidhiano kila jioni kunakula muda na tokeni. Kwenye bei ya kazi, hilo utalikubali?

Mama wa Mwaloni

Nitalipa. Ila yaandikwe Kiswahili, na mimi niyasome kabla sijatoa hela.

Kirumba Boy

Duh.