Naomba ushauri: mlango wa Peugeot 504 umeshuka

Wadau, habari zenu. Nina Peugeot 504 saluni ya 1978, hapa Nairobi. Mlango wa dereva umeshuka kwa nyuma, lazima niuinue ndipo ufunge. Upande wa fenda, mwanya wa juu unaingiza kidole na chini chuma kinasugua chuma. Ukiwa wazi nikiuinua unacheza, ndiyo maana nashuku pini za bawaba zimelika.

Fundi mmoja wa Grogan, mtaa wa gereji hapa mjini, anataka kulegeza bolti za fenda aisogeze. Mimi naona huko ni kuficha ugonjwa. Bawaba kwanza, fenda mwisho. Au kizingiti cha chini ya mlango kimeoza ndani, nguzo inayoshika bawaba ikalegea? Nitapimaje kabla hajakata kitu? Na pini nzuri nani anachonga Industrial Area?