Wakuu, dubwana letu linachekesha badala ya kutisha. Nifanyeje?

MsukaPwani (mleta mada):
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, na wenye utani naomba wakae pembeni kidogo maana usingizi hauji.

Mimi na wenzangu hapa Tanga tumemaliza kupiga filamu ya kutisha. Ni habari ya dubwana linalotoka baharini upande wa Pangani na kuchukua watu usiku. Bajeti ya kuungaunga: kamera ya kuazima, taa za kuazima, wasanii wanakula na kupewa nauli. Suti ya dubwana tumetengeneza wenyewe kwa sponji la makochi. Macho ni vioo vya indiketa za bodaboda vyenye taa ndani, meno ni bomba la plastiki lililochongwa.

Juzi tumeijaribisha kwenye kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyeshea filamu. Dubwana lilipotokea, kibanda kizima kikacheka. Si kucheka kidogo, watu walikuwa wanapiga mabenchi. Kuna jamaa akamwomba mwenye kibanda arudishe nyuma pale linapotoka majini. Ikarudishwa, wakacheka kuliko mara ya kwanza.

Nimebakiwa na laki tatu na nusu. Nirudie vipande vyote vya dubwana au niitoe hivi hivi?

Kijiti:
Kiti cha mbele. Kwa laki tatu na nusu utapata kucha tu mkuu, mwili utakopa.

Mzee wa Kanda:
Usikate tamaa kijana. Sisi tuliikuta filamu ya kutisha ya Nsyuka ya Mussa Banzi kwenye kanda ya VHS, tumejazana sebuleni kwa jirani, wengine dirishani. Ukiitazama leo na macho ya leo utaona vingi vya kucheka. Lakini siku ile tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, na kwa wiki nzima hakuna mtoto aliyekwenda choo cha uani peke yake. Dada yangu, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, alikataa kabisa kuzima taa. Baba akawa analalamikia luku, kumbe naye anapita koridoni anakimbia. Zile filamu zilikuwa na kitu. Siku hizi kila mtu ana simu, nani aogope?

Wakili wa Mtaa:
Kabla ya yote, mmepeleka Bodi ya Filamu ikaguliwe na ipewe daraja? Huwezi kuionyesha hadharani na kutoza kiingilio bila hilo. Na wasanii mmesaini nao mikataba, au ndiyo "tutaelewana"? Kesho ikipata watazamaji, hata aliyeshika taa atadai asilimia.

MsukaPwani:
Asante wakili, hilo tunalifuatilia. Ile ya kibandani ilikuwa majaribio, hatukutoza. Swali langu ni la dubwana.

KibandaUmiza77:
Mimi nina kibanda, ngoja nikwambie kitu cha kazini. Vicheko viko viwili. Kuna cha kuzomea: mtu anacheka huku anasimama, anakuja mlangoni anataka hela yake. Halafu kuna cha kuomba irudishwe nyuma. Huyo aliyeomba irudishwe, kesho anakuja na wenzake.

Nimewahi kuweka Sharknado, ile ya Marekani ya 2013, papa wanaruka ndani ya kimbunga. Watu walicheka robo saa, baadaye wakaanza kuchezea simu. Wale waliotengeneza walijua wanatengeneza upuuzi, na mtazamaji analijua hilo haraka sana. Lakini nikiweka Who Killed Captain Alex ya yule Nabwana wa Wakaliga, Kampala, hakuna anayekwenda hata kujisaidia. Bunduki za kuchomelea, damu ya rangi, helikopta ya kompyuta inayumba juu ya nyumba kama imebandikwa. Na jamaa wanapigana kweli, jasho linawatoka.

Usirudie hata kipande kimoja.

Njoki wa Nakuru:
Na usisahau VJ Emmie, msimulizi wao, anavyopiga kelele juu ya hiyo picha ya Wakaliga! Kwetu Kenya tulikuwa na DJ Afro, naye msimulizi wa filamu. Filamu hata iwe mbaya namna gani, akiingia yeye na kumpa adui jina la jirani yako, unakaa mpaka mwisho. Nilimaliza shule ya msingi nikiamini Wachina wote wanaongea kama watu wa Gikomba.

Darubini:
KibandaUmiza77 umesema vizuri, niongezee. Mwaka 1953 Phil Tucker alitengeneza Robot Monster kule Marekani. Pesa ya suti ya roboti hakuwa nayo. Akamchukua George Barrows, mwigizaji aliyekuwa na suti yake mwenyewe ya sokwe, akamvisha kichwani kofia ya mzamiaji, basi, huyo ndiye mvamizi kutoka anga za mbali. Zaidi ya miaka sabini imepita na watu bado wanaitafuta. Mtazame Barrows anavyopanda na kushuka vilima juani na manyoya yote yale, anainua mikono, anatoa vitisho. Hafanyi mzaha hata sekunde moja. Sokwe mwenye kofia peke yake ungemcheka mara moja ukamsahau. Kinachokurudisha ni bidii ya aliyemo ndani.

Au Ed Wood na Plan 9 from Outer Space. Nyota wake Bela Lugosi alifariki 1956 akiwa amepigwa picha chache tu. Wood hakuzitupa. Akamweka mtu mwingine asiyefanana naye hata kidogo, akamwambia ajifunike uso kwa joho filamu nzima. Mwaka 1980 ikatajwa kuwa filamu mbovu kuliko zote, na tangu hapo ndipo ikapata wapenzi. Unapoitazama unamwona mtu aliyekataa kabisa kushindwa na umaskini wake. Mimi nazipenda filamu hizi kuliko nyingi za mamilioni, na sioni haya kusema.

Pemba_Asili:
Miye naona mnachezea vitu msivyovijua. Mwaka 1995 huku kwetu ilipovuma habari ya Popobawa, shetani wa usiku, watu walilala nje, familia nzima nzima, moto umekokwa mpaka alfajiri. Hapakuwa na wa kucheka. Leo mtu anavaa sponji anatoka baharini usiku kuigiza mashetani? Kwani hadithi za mapenzi zimekwisha?

Da Zuwena:
Mleta mada, mimi kuna kitu sikielewi. Filamu imechekesha, watu wanaitaka tena, mwenye kibanda anakwambia usiguse. Mtu angefurahi. Wewe usingizi hauji. Kinachokukosesha usingizi si kicheko. Ndani ya hiyo suti alikuwemo nani?

MsukaPwani:
Msanii wetu tu dada. Mtu mzima, anajituma sana.

Da Zuwena:
Msanii gani? Alikuwepo kibandani siku hiyo?

MsukaPwani:
Hakuwepo. Alikuwa msibani Korogwe.

Sawa, niseme. Ni mjomba wangu, kaka yake mama. Ni fundi makochi, suti kaishona yeye kwa mkono wake, kila gamba. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akitusimulia habari za dubwana la mto, na hii filamu ilikuwa ndoto yake kabla ya kuwa yangu. Pesa nyingi ni yake pia. Ilikuwa ya kupaulia nyumba.

Aliporudi toka Korogwe akaniuliza, "Waliogopa?" Nikamjibu, "Mjomba, kibanda kizima kilipiga kelele." Sikumdanganya. Kelele zilipigwa.

Kijiti:
Jamani.

Mzee wa Kanda:
Pesa ya bati!

Da Zuwena:
Nilijua. Na yeye anategemea nini sasa?

MsukaPwani:
Uzinduzi ni Jumamosi. Amealika mafundi wenzake, ndugu wa Muheza, na jamaa zake wa msikitini. Anawaambia wasije na watoto wadogo.

Kuna jambo jingine, nalisema ili nisaidike. Mtafsiri mmoja wa muvi aliyeiona kibandani amenipa kianzio cha laki mbili. Anataka kuipigia sauti yake juu, aweke vichekesho, iuzwe kama filamu ya kuchekesha. Nimezipokea. Lakini naomba mnielewe, pesa ya mjomba lazima irudi na njia nyingine siioni. Akipata bati zake, jina la filamu litamuuma kwa siku ngapi? Na mtafsiri si adui, Njoki hapo juu kasema mwenyewe.

Njoki wa Nakuru:
Wacha kunitia kwa hiyo maneno yako. DJ Afro alikuwa akisimulia filamu za watu wasiomjua. Hakuwahi kumtafsiri mjomba wake mbele ya ukoo.

KibandaUmiza77:
Mkuu, sauti ya kuchekesha juu yake itaiua hiyo picha. Ukimwambia mtu "cheka hapa" umemnyang'anya kilichokuwa chake. Pale kibandani nani aliwaambia wacheke? Walikuwa wanamshangilia mzee bila kumjua. Ya Wakaliga ni tofauti, pale Emmie ni mtu wao, yumo kwenye kazi.

Darubini:
Nami nikwambie yaliyompata mwenzako. Mwaka 1957 ilitoka The Giant Claw, habari ya ndege mkubwa kama manowari. Waigizaji walipiga sehemu zao bila kumwona ndege, wakaambiwa tu tazameni juu, ogopeni. Jeff Morrow, aliyeigiza kama kinara, alimwona kwa mara ya kwanza ukumbini, katika mji wa kwao, amekaa na watu wanaomfahamu. Ndege mwenyewe ni kikaragosi, shingo ndefu ya kuchekesha, macho yametoka. Kila akitokea ukumbi unaangua kicheko. Morrow aliondoka kabla taa hazijawashwa ili asitambulike.

Huyo alikuwa na kazi nyingine za kurudia. Mjomba wako Jumamosi atatokea mlango gani?

Mchunguzi Huru:
Samahani, nimevumilia nimeshindwa. Hii ni chai, hadithi ya kutunga, tena ya tangawizi. Sponji la makochi likiingia baharini linanyonya maji kama kisima, mtu hasimami humo. Na taa za indiketa zilizama majini zikaendelea kuwaka? Umeme wa wapi? Uzi una mjomba, bati, msiba na Jumamosi, picha hata moja hakuna. Mtu anatafuta wa kumtangazia filamu isiyokuwepo.

Kijiti:
Hata mimi nilianza kushtuka kwenye bati.

Mzee wa Kanda:
Mbona siku hizi kila kitu chai? Ukisimulia babu yako alipigana vita, chai. Ukisema uliwahi kumwona Lufufu akitafsiri mubashara, chai. Tuna shida humu.

Mchunguzi Huru:
Shida ni watu kuamini bila kuuliza. Ajibu la sponji.

MsukaPwani:
Najibu. Betri ni ya pikipiki, ilifungwa kwenye mifuko ya plastiki, ikawekwa kifuani. Jicho la kushoto lilikufa lilipoguswa na wimbi la kwanza. Ndiyo maana tukaongeza maneno, binti anapiga kelele, "Nimelitoboa jicho!" Hakuna aliyekuwa amelitoboa.

Na ni kweli mtu hasimami. Mjomba alitakiwa atoke majini amfukuze binti ufukweni. Alifika maji ya magotini, maji yanamwagika kila mshono kama chujio, akapiga hatua mbili akakaa. Akajaribu tena, akakaa. Akaona kamera haijazimwa, basi akanguruma pale pale alipokaa na kunyoosha makucha. Binti alikuwa ameshakimbia mbali, akaona hafuatwi na kitu chochote, ikabidi arudi mwenyewe karibu ili akamatwe. Hicho ndicho kipande kilichorudishwa nyuma.

Wavuvi wanne walimbeba kumtoa. Alipovuliwa kichwa swali lake la kwanza lilikuwa, "Mngurumo umesikika?"

Picha siweki. Kuna watu wa mtaani kwetu humu, watamtambua.

FundiKeko:
Mimi ni fundi makochi Keko, nimekuwa nasoma kimya. Mchunguzi, alichosema kinawezekana. Sponji la kiti kimoja likinyeshewa, kulibeba unataka mwenzako. Huyo alivaa la seti nzima. Mzee huyo ana miguu.

Mchunguzi Huru:
Bado nataka picha.

Darubini:
Picha ya nini tena? Haruo Nakajima aliyevaa suti ya Godzilla mwaka 1954, ile ya kwanza ilikuwa nzito na ngumu hata kutembea ni taabu, ikabidi itafutwe nyepesi zaidi. Hao walikuwa na studio kubwa nyuma yao. Kukaa majini na kuendelea kunguruma ni jambo ambalo mwigizaji wa kweli hulifanya. Mimi kipande hicho nitalipia kukiona, na sauti iwe ya mjomba mwenyewe.

Pemba_Asili:
Yeye mwenyewe bahari imemkalisha na bado hamjaelewa.

Da Zuwena:
Tuachane na chai. MsukaPwani, usimpeleke mtu mzima mbele ya wageni wake akajifunze pale kuwa yeye ni kichekesho. Mkalishe kabla ya Jumamosi, mtazame pamoja, wewe na yeye tu, mwambie palichekwa na kwa nini paliombwa parudishwe. Maneno ya mtafsiri aamue mwenye pesa. Mjomba ni mjomba, hapangiwi kama mali.

MsukaPwani:
Nitamkalisha leo baada ya isha, nimeshachaji laptopu. Lakini laki mbili sirudishi mpaka nimsikie anasemaje. Akisema ziende, zitakwenda. Akisema bati kwanza, msije humu kunilaumu.

KibandaUmiza77:
Akikataa mtafsiri, njoo faragha. Nitaiweka siku mbili mfululizo na sauti yake ile ile, na kiingilio tugawane nusu kwa nusu. Hiyo naandika mbele ya mashahidi, wakili yupo.

Wakili wa Mtaa:
Cheti cha Bodi kwanza.

FundiKeko:
Mpe mzee salamu zangu. Mwambie kama kuna sehemu ya pili, asivae sponji zima. Achukue gome jembamba tu, ndani aweke wavu wa plastiki ubebe umbo, na kwa chini atoboe matundu maji yatoke. Magamba yaliyogandishwa kwa gundi ayashone upya kwa uzi wa nailoni, gundi ikilowa haishiki. Halafu aniambie mkia aliunganishaje, maana hapo ndipo mimi ningeshindwa.