Eti "tatizo si biskuti, tatizo ni mwili wako"!!! Hawa jamaa wametuzoea

Mvumilivu Mstaafu (mleta uzi)
Wakuu habari za saa hizi. Zangu si nzuri, tuendelee.

Nimekata simu sasa hivi, mkono bado unatetemeka. Siwataji jina maana wana mawakili wengi kuliko wapishi, ila mnawajua. Wale wa pakiti ya njano yenye mtoto anayecheka. Miaka yote najiuliza yule mtoto anacheka nini, leo nimejua: anatucheka sisi.

Nina aleji ya karanga. Si ya kuringia, ni ile ya kwenda na maji. Kwa hiyo pakiti huwa naisoma hadi anwani ya kiwanda. Unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, soya, chumvi, na yale mavitu yenye namba. Karanga hakuna. Mbele wameandika kabisa kwa herufi kubwa, HAINA KARANGA. Nikala moja, ya pili nikaishia nusu.

Ulimi ukaanza kuwasha, kisha mdomo wa juu ukaamua kuhama. Uso ulivimba hadi simu ikakataa kunitambua. Naiweka usoni, inaniambia jaribu tena. Nataka kubonyeza namba ya siri, vidole vimeshakuwa soseji. Mungu saidia sindano ya adrenalini ilikuwa kwenye begi, na jirani akanikimbiza hospitali bila kuuliza mara mbili.

Hayo yote nilikuwa tayari kuyameza. Wakatoa tangazo la kuziondoa sokoni, maandishi ya saizi ya sisimizi, chini kabisa ya ukurasa, juu yake picha ya biskuti mpya wanazotaka tununue. Nikameza na hilo. Nikapiga simu kistaarabu, nikaeleza. Kijana akanisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema: "Dada yangu, tatizo si biskuti. Biskuti ziko sawa. Tatizo ni mwili wako."

TATIZO. NI. MWILI. WANGU.

Huu mwili ninao tangu nizaliwe na hakuna kiwanda kilichowahi kuuondoa sokoni. Wao ndio wameondolewa sokoni, halafu tatizo ni mwili wangu!

Bonge la Nyau
Pole sana dada. Ila hapo simu iliposema jaribu tena nimecheka hadi nimeamsha watu. Nisamehe.

Jicho la Tano
Bila picha ya uso uliovimba, hii ni chai.

Mvumilivu Mstaafu
Jicho, ningepigaje picha na simu imenifungia nje? Unasoma au unapita tu?

Jicho la Tano
Kamera inafunguka bila namba ya siri.

Mvumilivu Mstaafu
Mods huyu ni mfanyakazi wao. Hakuna mtu timamu wa kunijibu hivyo.

Fundi Oveni
Mimi nimewahi kufanya kazi ya kufungasha, si kwao, kwa wenzao. Nikwambie tu, mara nyingi biskuti yenyewe haina kosa, kosa liko kwenye karatasi. Zamu ya usiku, mashine inapitisha biskuti za karanga, karatasi iliyofungwa kwenye mashine ni ya biskuti za kawaida, rangi zinakaribiana, kila mtu ana usingizi. Anakuja kushtuka mtu wa zamu ya asubuhi, mzigo umeshapanda gari.

Au mtambo ni mmoja. Wanaanza na za karanga, wanafuata zisizo na karanga, katikati anapita mtu na brashi anasema pasafi. Unga hauoshwi kwa maji ovyo, maji yakibaki kwenye mtambo yanaleta balaa lingine, kwa hiyo inabaki kukwangua na kufagia. Vumbi la karanga halionekani kwa macho na wewe halikuhitaji liwe kubwa.

Mbaya zaidi ni msambazaji akibadilisha kiungo. Marekani, Januari 2024, kuna biskuti ziliondolewa sokoni baada ya mtu kufa. Mtengenezaji alikuwa ameacha kutumia soya akaweka karanga, lebo ya dukani ikabaki ileile. Ndiyo maana kwa kule bidhaa yenye kizio (kitu kinacholeta aleji) kisichoandikwa mara nyingi inaingia daraja la 1, lile la vitu vinavyoweza kuua.

Mvumilivu Mstaafu
Asante Fundi. Umetaja karatasi, mtambo, brashi, msambazaji. Mwili wangu umeutaja wapi? Hujautaja. Kwa sababu una akili.

Mzee wa Data
Nyongeza kidogo. Sheria ya Marekani ya 2004 ya lebo za vyakula ilitaja vizio vikuu 8. Ufuta ukawa wa 9 kuanzia Januari 1, 2023. Ulaya ni 14. Sasa sikilizeni kituko: ufuta ulipoingia kwenye sheria, baadhi ya waoka mikate Marekani wakaona kusafisha mitambo ni kazi. Wakaongeza ufuta makusudi kwenye mikate ambayo haikuwa nao, wakauandika kwenye lebo, wakalala. Watu wenye aleji ya ufuta waliokuwa wanakula mkate uleule miaka yote wakaukosa. Na kisheria hakuna aliyevunja kitu.

Bonge la Nyau
Yaani dawa ya kutokuwa na uhakika kama kitu kimo ni kukimwaga chote. Hii akili ningekuwa nayo ningekuwa mbunge.

Kibuyu Kitupu
Hawa wa njano wasihangaike kuchapa pakiti mpya. Wabandike kikaratasi juu ya HA tu, ibaki INA KARANGA. Kazi imeisha, gharama ndogo.

Mvumilivu Mstaafu
Kibuyu usiwape mawazo!! Hawa watafanya.

Dokta wa Kijiweni
Mnababaisha. Karanga ikiingia kwenye oveni aleji inakufa kwa moto. Huyo dada alikuwa na mawazo tu, mwili ukajibu. Anywe maji ya uvuguvugu apumzike.

Nesi Zamu ya Usiku
Dokta acha kutulisha matango pori, utaua mtu. Protini ya karanga haifi kwenye oveni, na ukiikaanga kavu inaweza hata kuwa kali zaidi. Mnachanganya na yai na maziwa: wapo wenye aleji wanaovumilia yai au maziwa yaliyookwa sana ndani ya keki, ila hilo linapimwa mbele ya daktari, si sebuleni kwako.

Na wale wa "nina kidonge cha aleji kwenye droo": kidonge kinatuliza kuwashwa. Koo likianza kuziba, ni adrenalini, tena mapema, halafu hospitali hata kama umejisikia nafuu, maana hali inaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Mleta uzi alifanya sawasawa. Mwili wako hauna shida yoyote mama.

Mvumilivu Mstaafu
NESI NAKUPENDA. Naomba nikupigie simu uongee na yule kijana. Maana bado sauti yake naisikia. Ile kushusha pumzi kwanza!! Kama daktari anayetoa majibu ya vipimo. "Tatizo ni mwili wako." Halafu akaniuliza kama nina risiti. Ya biskuti au ya mwili?

Mtu wa Haki
Mimi nitasema ukweli hata mkinipiga mawe. Wenye aleji mjipikie nyumbani. Sasa hivi kila pakiti imeandikwa "huenda ikawa na chembechembe" za kila kitu, tumechoka kusoma.

Mzee wa Data
Mtu wa Haki, hayo maneno ya "huenda ikawa na" Marekani na Ulaya kampuni inayaweka kwa hiari yake. Hakuna anayeyalazimisha. Kwa hiyo pakiti isiyo nayo haimaanishi ni salama, na yenye nayo haimaanishi kuna kitu ndani. Ni mwavuli wa wakili. Uingereza ilibidi mtoto wa miaka 15 afe mwaka 2016, kala mkate wenye ufuta ndani ya unga na pakiti haikuandikwa, ndipo ikaja sheria ya Natasha, jina la huyo mtoto, Oktoba 2021, kwamba chakula kinachofungashwa palepale kinapouzwa nacho kiandikwe viungo vyote. Hapo unataka nani ajipikie?

Mtu wa Haki
Sawa nimenyamaza. Ila nimechoka kusoma.

Shangazi Kaja
Mimi wenzenu nina la kwangu la mkate wa zabibu. Pakiti ina kidirisha cha nailoni. Zabibu zote ziko kwenye kidirisha! Zimejipanga pale kama zinapiga picha. Ukikata ndani, nyeupeee. Nani anazipanga? Kuna mtu ameajiriwa kazi hiyo?

Kibuyu Kitupu
Ndiye huyohuyo aliyepokea simu ya mleta uzi. Asubuhi zabibu, mchana matusi.

Bonge la Nyau
Hizo ni afadhali. Mimi niliagiza keki ya ghorofa tatu ya harusi ya mdogo wangu. Tumeshika kisu, watu wanapiga picha, tunakata ghorofa ya chini, kisu kikagota. Nikajua keki imelala friji. Nikasukuma. Likatoka boya. Boya kabisa, lile jeupe la kufungia televisheni, limepakwa krimu. Mama mkwe wa mdogo wangu ameshalitia mdomoni, anatafuna anatuangalia.

Shangazi Kaja
Nimekufa. Anatafuna anawaangalia!!

Mvumilivu Mstaafu
Jamani poleni na boya ila tusitoke kwenye mada. Mimi nimeambiwa tatizo ni

Mikono ya Krimu
Bonge mimi ni mpishi wa keki na hilo boya ni jambo la kawaida tu kwenye kazi yetu. Ghorofa zikiwa nyingi hatuoki zote, keki itaelemewa na bei itakutoa roho. Lakini mteja anaambiwa mapema, na ghorofa ya kukatwa inawekewa alama. Wewe uliambiwa hukusikiliza.

Bonge la Nyau
Hatukuambiwa! Na aliyetuuzia alitutoza ghorofa tatu za keki.

Mikono ya Krimu
Hapo mlipigwa. Na boya mlimrudishia?

Bonge la Nyau
Nirudishe boya nililolipia kama keki?

Mikono ya Krimu
Boya ni mali ya mpishi. Linafutwa krimu linatumika tena.

Shangazi Kaja
Subiri. Linatumika TENA? Lile lililotafunwa?

Jicho la Tano
Weka picha ya boya.

Kibuyu Kitupu
Hivi boya nalo linaandikwa kwenye orodha ya viungo? Nesi njoo.

Mikono ya Krimu
Haliandikwi kwa sababu haliliwi. Na nyie mnaobisha, kuna mteja ana maboya yangu mawili toka mwaka jana, yapo juu ya kabati lake nayaona kwenye picha anazoposti. Hapokei simu. Hilo mbona hamlijadili?