Tabora mjini, Kigoma mara moja kwa mwezi: Outlander PHEV au CX-5 ya dizeli?

Ipuli_Juu

Habari za muda huu wakuu. Natafuta gari moja la familia ya watu watano na nimebaki na mawili, yote used kutoka Japani, ya 2016 au 2017: Mitsubishi Outlander PHEV (haibridi ya kuchaji nyumbani, petroli 2.0) na Mazda CX-5 ya dizeli 2.2.

Matumizi ni shule na kazini hapa Tabora, kama kilometa 30 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Halafu Kigoma kwa wazee mara moja kwa mwezi kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza. Nyumba ni yangu na LUKU ni yangu. Naomba wenye hesabu na wanaojua ubovu wa kila moja. Natanguliza shukrani.

Mizani

Mkuu, umeuliza vizuri kwa sababu umetaja kilometa. Tuzipige.

Kwa urahisi tuchukue lita ya petroli na ya dizeli zote shilingi 3,000. Bei halisi utaipata kwenye tangazo la EWURA la kila mwezi, na ukijaza Kigoma jua ni juu kuliko Dar. Umeme wa T1, bei ya kawaida ya nyumbani, pamoja na kodi, ni kama 356 kwa uniti.

Betri ya Outlander hiyo ni kWh 12, lakini gari halikuruhusu kuikausha yote. Kujaza kutoka chini hadi juu kunakula kama uniti 10 za LUKU. Betri ikiwa na umri huo, na AC ikiwaka, hesabu kilometa 30. Zile 60 na ushee za kwenye karatasi za Japani zisahau. Hapo kilometa moja ni kama shilingi 119. CX-5 kwenye safari fupi za mjini ipe kilometa 12 kwa lita: shilingi 250. Kwa kilometa zako 780 za mwezi, umeme ni kama 93,000 na dizeli ni 195,000. Unaokoa laki moja na kidogo.

Sasa Kigoma. Kwenda na kurudi ni kama kilometa 840. Betri inaisha hata hujafika Urambo, na kuanzia hapo Outlander ni gari la petroli lililobeba betri nzito. Ipe 12 kwa lita: lita 70, shilingi 210,000. CX-5 barabarani inafika 16 kwa lita: lita 52 na nusu, shilingi 157,500. Kila safari ya Kigoma inakunyang'anya kama 52,000 ya kile ulichookoa mjini. Kwa safari moja kwa mwezi Outlander bado iko mbele. Zikiwa mbili, wamelingana. Zikiwa tatu, chukua dizeli wala usijiulize.

Angalizo la LUKU: kama mita yako iko D1, ile ya uniti 75 za bei ya chini kwa mwezi, gari peke yake litakula uniti 260. Utahamishiwa T1, na friji, taa na pampu vyote vitalipiwa bei hiyo. Liweke kwenye hesabu.

Na TRA wanatoza ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: cc 1001 hadi 2000 asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Outlander 2.0 ni cc 1998, CX-5 dizeli ni cc 2188. Kuna na nyongeza ya umri: gari likipita miaka 8 ni asilimia 15, likipita 10 ni asilimia 30. Pitisha magari yote mawili kwenye kikokotoo chao kabla ya kutuma hela Japani, maana miezi michache ya umri inaweza kugeuza hesabu yote.

Gereji_Mwanga

Hesabu ya mkuu hapo juu iko sawa, ila imeacha kitu kinachoua CX-5 za dizeli: safari fupi.

Injini hiyo ina DPF, kichujio kinachonasa masizi kwenye ekzosi. Kikijaa, kompyuta inaongeza dizeli kwenye silinda mwishoni mwa mpigo ili ekzosi ipate moto na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka gari litembee mfululizo robo saa au zaidi kwa mwendo wa barabara kuu. Wewe unawasha, unashusha watoto dakika nane baadaye, unazima. Uchomaji unakatika, kesho unaanza upya, na ile dizeli ya ziada inateremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili.

Dalili unaiona bila kompyuta. Asubuhi gari likiwa sehemu tambarare, chomoa dipstiki, ipanguse, irudishe, ichomoe tena. Juu ya alama ya F kuna alama ya X. Oili ikipanda kuelekea X, hiyo si oili iliyozaliana, ni dizeli imeingia. Ishike kwa vidole viwili: inateleza kama maji na inanuka sheli. Ikifika X mwaga siku hiyo hiyo, kwa sababu oili nyepesi haishiki shinikizo, na wa kwanza kuumia ni bearingi na turbo.

Mengine ya kukagua:

Injini za mwanzo, 2012 hadi 2014, zilikuwa na tatizo la washa za shaba chini ya nozeli. Moshi wa silinda unapenya, unaunguza oili, kaboni inaziba chujio la ndani ya sampu. Ya 2016 ni afadhali, lakini bado sikiliza mlio wa chuf chuf pembeni ya nozeli injini ikiwa baridi.

Intake, njia ya hewa ya kuingia kwenye injini, inajaa masizi ya EGR, mfumo unaorudisha moshi wa ekzosi ndani. Gari likikosa pumzi kwenye mlima na hakuna taa yoyote, fungua bomba la intake uangalie kabla ya kubadilisha turbo.

Oili iwe ya daraja DL-1 au C3, 5W-30, kama lita 5 pamoja na filta. Oili ya malori ina majivu mengi, na majivu hayaungui kama masizi. Yanabaki kwenye DPF milele. Kilometa 5,000, mwaga.

Dizeli ya dumu za njiani usiguse. Maji yakipita filta, pampu ya shinikizo kubwa na nozeli zinakwenda pamoja.

Kwa ratiba yako, safari moja ya Kigoma kwa mwezi haitoshi kuisafisha DPF. Ukiichukua hiyo Mazda, kila wiki itoe nje ya mji, nusu saa ya lami kuelekea Nzega bila kusimama.

Ampea13

Kwa upande wa umeme. Wengi wanachomeka Outlander kwenye soketi ya sebuleni kupitia ekstensheni. Hapo ndipo moto unapoanzia. Ampea 10 kwa saa tano mfululizo si pasi ya dakika ishirini. Angalia soketi iliyofanya kazi hiyo miezi miwili: plastiki kuzunguka tundu la laini inageuka rangi ya chai, na plagi ukiichomoa unaiachia kwa joto.

Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye mein swichi: waya wa milimita 4 za mraba, breka ya ampea 20, RCD (kikata umeme ukivuja) ya miliampea 30, soketi nzuri ya viwandani. Ithi iwe ithi kweli, fimbo iliyozama ardhini. Udongo wa Tabora kiangazi ni mkavu sana, fimbo fupi haitoshi. Kebo ya kuchajia ikikosa ithi inawasha taa nyekundu na kukataa, na fundi asikwambie aifunge ithi kwenye nyutro ili ikubali. Hiyo inaweza kuua mtoto anayegusa mlango wa gari.

Kebo nyingi hazifiki na gari kutoka Japani. Nunua yenye plagi ya Type 1, ya volti 230, inayokubali kupunguzwa hadi ampea 8 au 6 kwa siku ambazo umeme ni mdogo. Na usichaji ukiwa umefika tu saa nane mchana ya Oktoba. Weka taima, ianze saa sita usiku, betri imeshapoa.

Ipuli_Juu

Ahsanteni sana wakuu. Betri ya Outlander naipimaje nikiwa huku? Na njia ya Uvinza inaiwezaje?

Gereji_Mwanga

Dai picha ya vipimo kutoka programu ya PHEV Watchdog, inayosomwa kwa kifaa cha bluetooth kinachochomekwa kwenye OBD, soketi ya vipimo ya gari. Ikiwa mpya inasoma karibu Ah (ampea-saa, uwezo wa betri) 38 hadi 40. Kwa 2016, ikisoma 30 ni nzuri, chini ya 26 achana nayo hata bei ikivutia. Aonyeshe na volti za seli zote 80. Seli moja ikibaki nyuma ya wenzake, inawazuia wote.

Barabara: Outlander iko milimita 190 kutoka ardhini, CX-5 210, na betri imelala chini ya sakafu. Ikifika, ipandishe uangalie bamba la chini kama lina bonde la kugongwa.

Halafu Outlander PHEV haina spea tairi, ina gundi na pampu tu. Gundi haizibi tairi lililochanika ubavuni. Nunua rimu na tairi la saizi ileile, jeki na spana, na upime nafasi ya mizigo ukiwa na tairi hilo ndani kabla hujahesabu mabegi ya watu watano.

Usisahau betri ndogo ya volti 12. Ikifa hiyo, hata kama kubwa imejaa, gari haliwaki READY. Beba waya za kubustia.

Mizani

Na ukienda Kigoma usibonyeze kitufe cha CHARGE njiani. Injini inachoma petroli kutengeneza umeme ambao LUKU ingekupa kwa bei ndogo. Bonyeza SAVE, kinachotunza chaji, ukiwa umeshachaji nyumbani, umeme uutumie mitaa ya Mwanga na Ujiji ukifika Kigoma. Tanki ni lita 45, kwa hiyo jaza kabla ya kuondoka Tabora, na ongeza Kaliua hata kama sindano iko katikati.

Ipuli_Juu

Nimeelewa. Natafuta Outlander ya 2017 yenye Ah 30 kwenda juu. Kesho fundi anakuja kuangalia mein swichi na kuchimbia ithi.