Muvi ya kuchekesha ya matapeli: The Sting, Paper Moon au Dirty Rotten Scoundrels?

Msafiri77: Wakuu habari. Jumamosi nanunua muvi moja ya matapeli, iwe ya kuchekesha. Zimebaki hizo tatu, ipi nichukue?

Zawadi_M: Unaangalia na nani? Watoto wapo?

Chogo: The Sting ya 1973, Newman na Redford, basi. Oscar 7. Wanamtengenezea jambazi tajiri ukumbi mzima feki wa kubetia farasi kulipiza kisasi cha mwenzao aliyeuawa. Ukienda chooni stori imekupita.

MamaTatu: Ndo tatizo lake hilo, jasho tupu. Chukua Dirty Rotten Scoundrels ya 1988, Michael Caine na Steve Martin wanashindana nani wa kwanza kumkamua mdada dola 50,000, anayeshindwa anahama mji. Pwagu kapata pwaguzi! Usije ukabeba The Hustle ya 2019, hadithi ileile ila mie sikucheka.

Chogo: Hata ya 1988 ni marudio, ya kwanza ni Bedtime Story ya 1964, Marlon Brando.

MamaTatu: Brando kwenye komedi??

Nyota: Mie Paper Moon sitaki hata kuisikia. Nilikuwa nimetoka kupigwa kwenye upatu wa mtandaoni, ule wa weka hela ulete na wenzako, nikamwingiza dada yangu, wiki mbili za mwanzo wakatulipa tukaamini tukaongeza, asubuhi moja grupu limefungwa namba hazipatikani, dada hakunisemesha miezi. Rafiki akaniwekea hiyo muvi nichangamke, namwona jamaa anasoma matangazo ya vifo gazetini halafu anaenda kwa wajane, eti marehemu aliagiza Biblia yenye jina lako, lipia. Wenzangu wanacheka mie natetemeka, nikatoka nje.

Zawadi_M: Pole sana dada.

Chogo: Pole. Ndo maana nasema The Sting, anayepigwa pale ni jambazi.

MamaTatu: Pole mwaya, ila yule mtoto anayetapeli na huyo jamaa, Tatum O'Neal aliyepata Oscar na miaka 10, si anampa Biblia bure mjane mwenye watoto wengi?

Nyota: Huyo mmoja. Na waliolipa?

Msafiri77: Samahani nilisahau, tunaangalia na wazazi na wadogo zangu, na mzee hataki muvi isiyo na rangi.

Zawadi_M: Si ungesema mwanzo! Paper Moon haina rangi. Wadogo wana miaka mingapi?

MamaTatu: Chogo, hiyo ya Brando mwenzake nani?

Chogo: David Niven. Anacheza nafasi ileile ya Caine.