Trevatini ya Songwe ukuta wa bafu: fundi anasema tubandike kwa saruji kisha tupake vanishi. Ni sawa?

MjenziUyole
Wakuu habari za kazi. Nyumba iko Uyole, Mbeya, lipu ya ndani ina wiki tatu. Sehemu ya kuogea ni sm 120 kwa sm 90, kuta tatu, upande wa nne kioo. Ukutani nataka trevatini ya Songwe (jiwe la asili la chokaa lenye matundu) ya mm 12 hadi kimo cha m 2.1. Sakafuni nimependa marumaru nyeupe inayong'aa, vipande vya sm 60 kwa 60. (Nasema marumaru ya jiwe lenyewe, siyo vigae vya kiwandani ambavyo madukani navyo vinaitwa marumaru.)

Mpango wa fundi: kubandika kwa saruji na mchanga, kuziba viungo kwa saruji nyeupe, mwisho vanishi ya mawe "ili maji yasipenye". Je, hiyo vanishi inatosha? Na ninunue vifaa kiasi gani?

KitakoChaMwiko
Mkuu, simamisha kazi kabla jiwe la kwanza halijabandikwa. Jiwe la asili linakunywa maji, na viungo vyake pia. Ukipaka chochote juu, maji yatapita tu, kidogo kidogo, kila siku. Kinachozuia maji ni tabaka lililo nyuma ya jiwe, yaani dawa ya kuzuia maji inayopakwa juu ya lipu. Vanishi inayotengeneza utando ni mbaya zaidi: unyevu ulioingia kwa nyuma unakosa pa kutokea, utando unafanya ukungu mweupe, kisha unababuka.

Utaratibu uwe huu. Lipu ya saruji na mchanga 1:4, isiyo na skimu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) wala rangi. Sakafu iwekewe mteremko kwenye zege lenyewe, sm 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Mafundi wengi huutafuta mteremko kwa gundi wakati wa kubandika, na hapo maji hutuama chini ya jiwe. Kisha dawa ya saruji ya kuzuia maji, mikono miwili (yaani ipakwe mara mbili), wa pili ukikatiza wa kwanza. Kwenye kona zote, mzunguko wa tundu na mabomba yanapotokea ukutani, zamisha kitambaa cha wavu katikati ya mikono hiyo. Ufa huanzia hapo.

Ikikauka, ziba tundu, jaza maji ya kina cha sm 5, chora alama kwa penseli, acha saa 24. Yakishuka, tafuta panapovuja sasa hivi, maana baadaye utalazimika kuvunja jiwe.

Hesabu: kuta m² 6.3, sakafu karibu m² 1.1, jumla 7.4. Nunua jiwe la m² 8.5 kwa jumla, la ukutani na sakafuni, kwa sababu trevatini huvunjika kwenye matundu wakati wa kukata. Dawa ya kuzuia maji kilo 25 (kilo 3 kwa m² kwa mikono miwili). Gundi ya vigae mifuko mitatu ya kilo 20, iwe nyeupe. Ya kijivu huonekana kama kivuli ndani ya jiwe la rangi ya maziwa na haitoki tena.

KaziNiKipimo_Iringa
Kamwene. Naongezea upande wa jiwe lenyewe.

Jiwe la Songwe limejengwa na chokaa iliyoachwa na maji ya chemchemi za moto, ndiyo maana lina matundu. Matundu hayo yazibwe kabla ya kubandika, la sivyo sabuni na uchafu vitakaa humo na kuwa vyeusi. Kwa kuwa ni chokaa, asidi inalila. Kamulia ndimu kwenye kipande kilichobaki, subiri dakika tano: utaona alama hafifu isiyofutika. Kwa hiyo siki, ndimu na dawa za choo zenye asidi zisiingie bafuni humo kabisa.

Marumaru nyeupe ya kung'aa sakafuni naikataa kwa sababu tatu. Inateleza mguu ukiwa na sabuni. Kipande cha sm 60 hakiwezi kufuata mteremko wa pande nne bila kukatwa vibaya. Na baadhi ya marumaru nyeupe zina madini ya chuma ndani, zikikaa na maji zinatoa madoa ya kutu. Chukua graniti isiyong'arishwa, vipande vya sm 10 kwa 10. Viungo vingi vinashika mguu.

Uzito nao: trevatini ya mm 12 ni karibu kilo 30 kwa m², hivyo kuta zako zitabeba kama kilo 190. Tumia mwiko wa meno ya mm 10, paka gundi ukutani na mgongoni mwa kila kipande. Gonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama debe, kuna uwazi, king'oe gundi ikiwa mbichi. Yale madonge matano ya gundi ya pembeni na katikati hayafai bafuni, maji hukusanyika kwenye uwazi.

MjenziUyole
Ndaga fijo wakuu. Nimeelewa kuhusu vanishi. Sasa nisipake kitu chochote juu? Na ratiba ya wiki mbili inawezekana mwezi huu wa sita?

KitakoChaMwiko
Utapaka, ila dawa inayozama kwenye vinyweleo, isiyoacha utando. Kazi yake ni kuchelewesha madoa. Paka, subiri kama dakika kumi au kadiri kopo linavyosema, futa yote iliyobaki juu kabla haijakauka. Baadaye dondosha maji: jiwe likigeuka rangi ndani ya dakika tano, muda wa kurudia umefika.

Wiki mbili kwa baridi ya Juni ya Uyole usijidanganye. Bandika karatasi ya plastiki ya sm 50 kwa 50 juu ya lipu usiku kucha. Ukikuta matone kwa ndani asubuhi, lipu bado. Gundi isichanganywe joto likiwa chini ya nyuzi 5, anzeni saa nne asubuhi. Viungo vipewe wiki nzima kabla ya dawa ya vinyweleo. Ukiwahi, unafungia unyevu na weupe wa chumvi utatokea.

KaziNiKipimo_Iringa
Jambo moja fundi wako atalisahau: kona za ukuta na ukuta, na ukuta na sakafu, zisijazwe saruji. Maji ya moto kwenye ukuta wa baridi yanalitanua jiwe, saruji ya konani inapasuka. Acha mm 5, jaza silikoni isiyo na asidi. Inayonuka siki ukiifungua, irudishe dukani.